Kidevu cha Mwanamke na Taa ya Leza

Kibano cha kutolea miiba kina kazi ya pili isiyosemwa. Mchana hutumika kwa mguu wa mtoto aliyekanyaga mwiba njiani kuelekea shambani. Alfajiri, mlango ukiwa umekomewa na kioo kimeegeshwa dirishani, kibano hichohicho hung'oa nywele za kidevuni mwa mama mwenye nyumba. Nne leo, sita keshokutwa. Mtandio nao hushushwa kidogo kila mwaka mpaka unafunika taya. Mume huenda anajua na hasemi. Dada yake anajua, kwa sababu naye ana kibano chake.

Mhadhara huu unawahusu wanawake hao, wa kata ya Namasakata na wa mkoa wote wa Ruvuma. Unaanza na jambo ambalo lingewapunguzia mzigo kama wangalilisikia mapema: ni wengi. Madaktari hukadiria kwamba kati ya wanawake 100 walio katika umri wa kuzaa, 5 hadi 10 wana nywele nene na nyeusi mahali ambapo kwa kawaida huota kwa wanaume: juu ya mdomo, kidevuni, kifuani, chini ya kitovu. Kwenye harusi yenye wanawake 200 wa rika hilo, hao ni kati ya 10 na 20, wanapishana kwenye sinia moja la pilau, kila mmoja akidhani yuko peke yake.

Kiswahili kina neno la nywele laini zisizoonekana kwa mbali: laika, na wingi wake malaika. Ndiyo yale yanayosimama mtu akishikwa na baridi au hofu. Kila mwanamke anayo shavuni na juu ya mdomo. Chini ya kila laika, ndani ya ngozi, kuna kifuko kidogo kinachotii homoni za kiume, ambazo mwili wa kila mwanamke huzitengeneza kwa kiasi kidogo kwenye ovari na kwenye tezi zilizo juu ya figo. Homoni hizo zikizidi, au kifuko kikizipokea kwa nguvu kupita kiasi hata kama hazijazidi, laika hugeuka kuwa unywele mnene, mweusi, mgumu. Likishageuka, halirudi kirahisi. Ndiyo sababu mwanamke anaweza kutibiwa, homoni zake zikatulia, na ndevu zikabaki palepale. Tiba yake basi ina kazi mbili, kushughulikia chanzo na kushughulikia nywele zenyewe, na kosa kubwa linalofanyika mijini na vijijini ni kukimbilia ya pili kabla ya kugusa ya kwanza.

Chanzo kinachoongoza kwa mbali ni hali ambayo kliniki huita kwa herufi nne, PCOS. Ovari hujaa vifuko vidogo vingi vya mayai yasiyokomaa, yai halitoki kila mwezi, na homoni za kiume hupanda. Vifuko hivyo si saratani. Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, waliandika juu ya wanawake 7 waliokuwa na hedhi zisizo na mpangilio na ovari zilizovimba, na tangu hapo hali hiyo ikaanza kutajwa vitabuni. Leo Shirika la Afya Duniani huihesabu kuwa miongoni mwa matatizo ya homoni yanayowapata wanawake wengi zaidi wa umri wa kuzaa. Ni kama mwanamke 1 kati ya 10, na hadi asilimia 70 ya walio nayo duniani hawajawahi kuambiwa kuwa wanayo.

Takwimu hiyo ya mwisho inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu inaeleza kitu kinachotokea hata katika zahanati iliyo na mhudumu mwema. Mwanamke huja mara ya kwanza akilalamika kuwa hedhi yake hukaa miezi miwili bila kuonekana. Hupewa vidonge, huondoka. Miaka miwili baadaye huja kwa sababu hajapata mimba, na nyumbani maneno yameanza. Miaka kumi baadaye huja ana kisukari, kwa kuwa PCOS mara nyingi huenda pamoja na mwili kushindwa kuitumia insulini vizuri. Ni mtu mmoja mwenye ugonjwa mmoja, aliyepokewa mara tatu kama watu watatu. Alama ambayo ingeunganisha malalamiko hayo iko kidevuni mwake, lakini mhudumu haioni, maana imeng'olewa alfajiri ileile. Aibu imeficha ushahidi. Zaidi ya hapo, hedhi isipokuja kwa muda mrefu ukuta wa mfuko wa uzazi hunenepa, na hatari ya saratani ya sehemu hiyo huongezeka. Kinachozungumzwa hapa kinapita urembo.

Kipimo kipo, na hakihitaji umeme. Mwaka 1961 Ferriman na Gallwey wa London walichapisha namna ya kuhesabu nywele kwa macho. Kwa jinsi kinavyotumika sasa, sehemu 9 za mwili hutazamwa, kila moja hupewa alama 0 hadi 4, na kwa wanawake weusi na weupe wa Uingereza na Marekani jumla ya 8 kwenda juu huhesabiwa kuwa si ya kawaida. Kinachohitajika ni chumba chenye pazia, mhudumu asiyecheka, na mwanamke aliyeacha kibano kwa siku kadhaa ili nywele zionekane. Mhudumu akiuliza pia hedhi huja mara ngapi kwa mwaka, tayari amefika mbali. Hedhi zilizo chini ya 8 kwa mwaka ni jibu la kutosha la kumwandikia rufaa.

Zipo dalili chache za kukimbiza hospitali bila kungoja. Ndevu zilizolipuka ndani ya miezi michache, sauti iliyoanza kuwa nzito, upara unaoanzia utosini, kinembe kilichokua: hizo huweza kuwa alama za uvimbe kwenye ovari au kwenye tezi ya juu ya figo. Mwanamke wa namna hiyo hana kazi na saluni. Njia yake ni hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Songea, ambayo watu wanaiita HOMSO, au Peramiho, kwa vipimo vya damu na picha ya tumbo. Kwa bibi ambaye hedhi imekoma, nywele chache ngumu za kidevuni ni jambo la kawaida kabisa. Homoni za kike zimeshuka, za kiume zimebaki, basi.

Kuna chanzo kingine kinachouzwa sokoni kwenye kopo. Mkorogo, ule mchanganyiko wa kujichubua, mara nyingi huwa na zebaki, haidrokwinoni au dawa kali za jamii ya steroidi, na Tanzania imepiga marufuku vitu hivi katika vipodozi kwa miaka mingi. Kazi hiyo ya udhibiti sasa iko chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu 2019. Steroidi ikipakwa usoni kwa miezi huichuna ngozi mpaka inakuwa nyembamba na mishipa inaonekana, na huotesha nywele. Msichana aliyetaka uso mweupe huishia na uso mwekundu wenye malaika marefu mashavuni, halafu huanza kutafuta dawa ya nywele. Huyu hahitaji leza. Anahitaji kuacha kopo lile, kwa msaada wa mtu wa ngozi hospitalini, kwa sababu kuacha ghafla huleta muwasho na vipele vinavyomrudisha kwenye kopo.

Sasa nywele zenyewe.

Njia za zamani hazina ubaya zinaosingiziwa. Inasemwa kila mahali kwamba mwanamke akinyoa ndevu, zitaota nene zaidi. Mwaka 1928 Mildred Trotter, mtaalamu wa maumbile ya mwili katika mji wa St. Louis, Marekani, alilipima jambo hilo kwa wanaume waliokuwa wakinyoa, na hakuona unene wala kasi ikibadilika. Wembe hukata unywele juu ya ngozi na kuacha ncha butu, ndiyo maana unaparuza kidole. Kifuko kilicho chini hakina habari. Kibano na uzi ndivyo vyenye mashaka zaidi kwa nywele zetu, ambazo hujikunja. Unywele uliong'olewa ukirudi hujipinda na kujichoma ndani ya ngozi, hapo hutoka vipele, kisha madoa meusi, na kwa wenye asili hiyo hutoka makovu ya kuvimba. Wanawake wengi wanaokuja kwa daktari wa ngozi hulalamikia madoa kuliko ndevu, na madoa yameletwa na mkono wao wenyewe. Kwa mwanamke wa Namasakata asiye na nauli ya kwenda mbali, wembe wake mwenyewe, usioazimwa na mtu, maji ya uvuguvugu na povu la sabuni, akinyoa kufuata nywele zinakolala, ni tiba halali na ya heshima.

Neno halali linaleta swali ambalo katika wilaya zenye Wayao wengi, watu ambao wengi wao ni Waislamu, haliwezi kurukwa. Wapo wanawake wanaoogopa kugusa ndevu zao kwa sababu wamesikia katazo la kung'oa nywele za uso. Wanazuoni walilijadili zamani. Imamu At-Tabari, aliyefariki mwaka 923, hakuruhusu mwanamke kuondoa hata ndevu. Imamu An-Nawawi, aliyefariki 1277, ambaye ni mwanazuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa katika pwani yote ya Waswahili, alisema mwanamke akiota ndevu au sharubu, kuziondoa si haramu bali ni jambo linalopendekezwa. Mwanamke mwenye wasiwasi amuulize shehe wake kwa jina la Nawawi. Hatarudi bila jibu.

Kibano nacho kina historia inayofika mbali kuliko inavyodhaniwa. Katika Kongwa, mkoani Dodoma, ugonjwa wa vikope uliwahi kupindua kope za wanawake wengi mpaka kope zikakwaruza mboni, nao wakazing'oa kwa vibano ili wasipofuke. Kope za namna hiyo ndizo zilizomsumbua daktari wa macho Charles Michel, wa mji uleule wa St. Louis, mwaka 1875. Alichomeka sindano nyembamba kwenye kifuko cha kope na kupitisha umeme kidogo. Kope haikurudi. Njia hiyo, elektrolisisi, bado ipo, na mpaka leo ndiyo inayotambuliwa kuwa inaua unywele moja kwa moja, mmoja baada ya mwingine, uwe mweusi, mwekundu au mweupe. Inachukua saa nyingi na mkono hodari, na kwenye ngozi nyeusi inaweza kuacha alama.

Hadithi ya dawa ya kupaka inaanzia Uganda na Kongo, na ni hadithi ambayo kila Mwafrika Mashariki anapaswa kuijua. Katika Moyo, Adjumani na Omugo, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ugonjwa wa malale ulirudi kwa nguvu miaka ya 1980 na 1990. Dawa kuu ya malale yaliyoingia kwenye ubongo ilikuwa melasoproli, yenye sumu ya aseniki, iliyokuwa ikiua takribani mgonjwa 1 kati ya 20 waliochomwa. Mwaka 1990 ilipitishwa dawa nyingine, eflonithini. Ilitafutwa kwanza kwa ajili ya saratani, ikaonekana kuwaamsha wagonjwa waliokuwa wanakufa, hata ikaitwa dawa ya ufufuo. Lakini wagonjwa wa malale hawana fedha. Kampuni ikaacha kuitengeneza.

Wakati huohuo iligundulika kuwa eflonithini huzuia kimeng'enya ambacho kifuko cha nywele hukihitaji ili unywele ukue. Mwezi Julai 2000 Marekani ikaidhinisha krimu yake ya kupunguza ndevu za wanawake. Dawa iliyokosekana Omugo kwa kuokoa maisha ikapatikana New York kwa ajili ya kidevu. Madaktari Wasio na Mipaka na Shirika la Afya Duniani walipiga kelele, na mwaka 2001 kampuni ya Aventis ilikubali kutoa dawa za malale bure. Tangu 2009 eflonithini pamoja na nifurtimoksi imekuwa kwenye orodha ya dawa muhimu duniani. Malale ya Tanzania ni ya aina nyingine, na dawa hii haiyatibu. Lakini kwa jirani zetu wa Uganda na wa Kongo ilileta uhai.

Krimu ile si ya kubezwa kwa sababu ya historia yake. Ikipakwa mara mbili kwa siku, nywele hukua polepole na huwa laini. Katika majaribio, baada ya wiki 24, takribani theluthi ya wanawake walipata nafuu kubwa. Haing'oi nywele, na mwanamke akiiacha, ndani ya wiki 8 hivi mambo hurudi kama mwanzo. Ikitumika pamoja na leza, matokeo huja mapema zaidi.

Kabla ya kuifikia leza yenyewe, onyo moja. Leza haikuwa mwanga wa kwanza kuahidi kidevu laini. Mwaka 1896, mwaka mmoja hivi tu baada ya eksirei kugunduliwa, Leopold Freund wa Vienna aliitumia kuondoa nywele za mtoto wa kike. Miaka ya 1920 biashara ya Tricho ilienea Marekani, ambako wanawake walikaa mbele ya kasha zuri la mbao na kupigwa eksirei usoni, wakiambiwa haina madhara. Nywele zilitoka kweli. Miaka ilipopita, ngozi zao zilinyauka, zikapata vidonda, na baadhi wakapata saratani. Leza haina mionzi ya eksirei na haileti saratani kwa namna hiyo. Ila somo la Tricho linabaki kwa mteja: mashine inayoondoa nywele leo si lazima iwe salama kwa ngozi iliyo chini yake.

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko Malibu, California, tarehe 16 Mei 1960, kwa fuwele ya yakuti nyekundu. Mwaka 1983 Rox Anderson na John Parrish wa Boston waliandika kanuni inayotumika mpaka leo: mwanga wa rangi inayofaa, ukitolewa kwa muda mfupi unaofaa, unaweza kupasha moto kitu kimoja ndani ya ngozi na kuacha vilivyo jirani. Mwaka 1996 kundi la Anderson lilitoa matokeo ya watu 13 walioondolewa nywele kwa leza ya yakuti. Walikuwa watu wa ngozi nyeupe na nywele za rangi nzito.

Hapo ndipo ngozi ya Ruvuma inapoanza kuhusika.

Leza haioni nywele. Inaona weusi, yaani melanini. Shati jeusi likianikwa juani hushika joto kuliko jeupe. Vivyo hivyo unywele mweusi humeza mwanga, hupata moto, na moto huo hushuka kwenye kifuko na kukiunguza. Kwa Mzungu jambo hili ni rahisi, kwa sababu ngozi yake ni shati jeupe na unywele ndio mweusi peke yake. Kwa mwanamke mweusi, melanini iko juu pia, kwenye ngozi yenyewe. Mwanga hukutana na ngozi kabla haujafika kwenye unywele. Ukiwa mwanga usiofaa, huishia hapo, na hapo huunguza: malengelenge, kisha doa jeusi la miezi mingi au baka jeupe ambalo kwenye uso mweusi halifichiki.

Suluhisho liko kwenye namba. Urefu wa wimbi la mwanga hupimwa kwa nanometa. Leza ya yakuti ni 694, ya aleksandriti ni 755, ya dayodi ni 810 hivi, na ile iitwayo Nd:YAG ni 1064. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo melanini inavyoumeza mwanga kidogo na ndivyo mwanga unavyozama chini zaidi. Mwanga wa 1064 hupita kwenye ngozi nyeusi bila kuisumbua sana, ukafika kilipo kifuko. Una udhaifu wake: kwa kuwa melanini inaumeza kidogo, unahitaji unywele mnene na mweusi ili ufanye kazi, na huuma. Lakini kwa wanawake wenye ngozi ya Kimakua, ya Kiyao, ya Kingoni, hiyo ndiyo mashine. Kipimo cha rangi za ngozi ambacho wataalamu hutumia, cha Thomas Fitzpatrick wa Harvard, kilipoandikwa 1975 kilianza na daraja nne za ngozi nyeupe. Ngozi ya kahawia na nyeusi, daraja la tano na la sita, ziliongezwa baadaye. Mashine nyingi zilibuniwa kwa mpangilio huohuo, na mwanamke mweusi amefikiriwa mwishoni.

Swali linalofuata ni kama nywele huisha kabisa. Mamlaka ya dawa ya Marekani huruhusu watengenezaji kusema leza inapunguza nywele kwa kudumu, na haiwaruhusu kusema inaziondoa zote daima. Tofauti ya maneno hayo ni kubwa mfukoni. Nywele haziivi kwa pamoja kama mpunga. Ni kama shamba la mihogo lililopandwa kidogokidogo, mingine inakua, mingine imepumzika, na leza huua ile inayokua tu. Kwa hiyo uso hurudiwa kila baada ya wiki 4 hadi 6, mara 6 au zaidi, na mwanamke mwenye PCOS ambaye homoni zake hazijatulizwa atarudi tena, kwa sababu malaika mapya yanaendelea kugeuka. Ndiyo maana mwongozo wa kitabibu wa hali hii humwanzishia mwanamke asiyetafuta mimba vidonge vya uzazi wa mpango, na baada ya miezi 6, kama hakuna nafuu ya kutosha, humwongezea dawa ya kuzuia homoni za kiume kama spironolaktoni, ambayo haitumiki kabisa kwa anayeweza kupata mimba bila kinga. Nywele nyeupe za bibi leza haizioni. Hizo ni za elektrolisisi au wembe.

Kuna jambo la kushangaza ambalo wauzaji hulinyamazia. Usoni na shingoni, hasa kwa wanawake wenye ngozi nzito na homoni zilizovurugika, leza yenye nguvu ndogo huweza kuyaamsha malaika badala ya kuyaua. Shavu lililokuwa safi huota nywele kando ya mahali palipotibiwa. Kwa hiyo mwanamke mwenye malaika tu, marefu lakini laini, asipelekwe kwenye leza. Na vile vifaa vidogo vya taa vya kutumia nyumbani, vinavyotangazwa kwenye simu, vingi vyake vimeandikwa na watengenezaji wenyewe kuwa havifai kwa ngozi nyeusi. Taa zake si leza.

Kwa upande wa Kusini kuna tahadhari isiyoandikwa kwenye vipeperushi vya mijini. Baadhi ya wanawake wazee wa Kimakua na Kimakonde bado wana nembo usoni, chale zilizopakwa masizi ili zibaki nyeusi. Leza haitofautishi masizi na unywele. Ikipita juu ya nembo huunguza, na sehemu hiyo lazima iachwe. Jua nalo: uso uliopigwa leza hautakiwi kuchomwa na jua kwa wiki kadhaa kabla na baada, na mkulima wa korosho hawezi kukaa kivulini mavuno yakianza Oktoba. Mwenye mpango huo aupange nje ya msimu, na avae kofia pana juu ya mtandio.

Umbali pia ni sehemu ya bei. Mashine hizi ziko zaidi katika kliniki binafsi za miji mikubwa kama Dar es Salaam na Nairobi. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, na kutoka Namasakata nako safari ni ndefu. Safari 6 za namna hiyo, pamoja na malazi, huweza kuzidi gharama ya leza yenyewe. Mtu aliyeuza korosho zake ili alipie anastahili kupata mashine iliyo sahihi mara ya kwanza. Madaktari na maofisa wa ngozi wanaofundishwa katika kituo cha KCMC, Moshi, kilichoanzishwa 1992 kwa ajili ya kanda nzima, wametawanyika katika nchi nyingi za Afrika. Kumwona mmoja wao hospitalini kabla ya kupanda basi ni fedha iliyookolewa.

Akifika kliniki, mwanamke ana haki ya kuona kipande kidogo cha ngozi chini ya taya kikijaribiwa kwanza, na kungoja kabla ya uso mzima kuguswa. Ana haki ya miwani ya kuziba macho, yeye na anayeshika mashine. Asikubali leza kupigwa kwenye nyusi karibu na jicho, kwa maana mwanga unaozama namna ile huweza kuharibu jicho kupitia kope lililofumbwa. Nyusi zitindwe kwa njia nyingine. Asipakwe dawa ya ganzi eneo kubwa na kufungwa nailoni. Mwanafunzi mmoja wa miaka 22 huko North Carolina, Marekani, alijipaka ganzi miguuni namna hiyo kabla ya leza, akapoteza fahamu njiani, akafariki. Anyoe siku moja kabla, asing'oe kwa kibano kwa wiki 4 au zaidi, kwa kuwa unywele usiokuwepo ndani ya kifuko hauna cha kumeza mwanga. Aseme kama ana mimba. Aseme kama anapaka mkorogo, hata kama anaona haya.

Makungwi wa Namasakata wana nafasi ambayo daktari hana. Wao hukaa na mwali wakamfundisha hedhi, usafi na mwili wake. Sentensi moja ikiongezwa pale, kwamba hedhi inayopotea na ndevu zinazoota ni ugonjwa mmoja wenye tiba, wasichana wengi watafika zahanati miaka kumi kabla ya kisukari.

Na kwa mama mwenye kibano: kiweke chini kwa wiki mbili. Andika kwenye kalenda tarehe za hedhi za mwaka huu, na mwaka ndevu zilipoanza. Nenda zahanati ukiwa na karatasi hiyo na kidevu kisichong'olewa, umwonyeshe nesi vyote viwili. Siku ukifika kwenye leza, uliza namba ya mashine kabla hujalipa. Usiposikia 1064, funga mtandio wako uondoke.